Godoro likichoka Tinde, nani anabeba gharama?

Ukimuuliza mtu wa Tinde ni shilingi ngapi kuondolewa godoro lililochoka, usishangae akikujibu kwa swali: kwani wewe unaliuza bei gani? Kwenye mji huu ni nadra mtu kutoa hela yake ili godoro litoke ndani. Wanaolitaka wapo tayari, mara nyingi kabla mwenyewe hajaamua kuachana nalo. Mlinzi amekwishaliomba, utingo wa lori ameliona likiwa limeanikwa uani, na jirani mwenye kijana anayehangaika machimboni ameshatuma salamu.

Haraka haraka hiyo ni habari njema. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani mtu hulipia gari lije lichukue godoro mlangoni, la sivyo linalala barabarani. Hapa hakuna kinachotupwa kikiwa bado kinafaa. Lakini lifuate godoro hilo mkono kwa mkono mpaka linapoishia, utaona kwamba gharama ya kuliondoa haikufutwa popote. Imesogezwa tu, kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho, na anayekuja kuilipa ni mtu ambaye hakuwahi kulilalia likiwa jipya.

Mji wa vitanda vya usiku mmoja

Tinde ipo kusini mwa mji wa Shinyanga, mahali ambapo barabara kuu mbili hukutana na kuachana. Gari linalotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Nzega likifika hapa linachagua: ama linyooshe Shinyanga na Mwanza, ama likunje kwenda Isaka kwenye bandari kavu, Kahama, na mbele zaidi hadi Rusumo na Kabanga kwenye mipaka ya Rwanda na Burundi. Ukiwa na safari ya machimboni Kakola au Geita, unaweza kupita humo humo Kahama.

Mji wa njia panda huishi kwa wapitaji. Mafuta, chipsi, pancha, vocha na kitanda. Gesti za Tinde hupokea madereva wa masafa marefu, wafanyabiashara wa ng'ombe na mpunga, watumishi walio safarini, na wachimbaji wanaohama kutoka shimo lililokauka kwenda lenye sifa mpya.

Godoro la nyumbani hubeba watu walewale na huchoka polepole. La gesti hubeba mwili mgeni kila usiku, mwingine mzito, mwingine mwenye vumbi la safari nzima, mwingine anayekaa ukingoni saa nzima akipiga hesabu za mzigo. Sehemu ya katikati hubonyea kwanza. Mgeni akianza kuhesabu chaga za kitanda kwa mgongo wake, hapo godoro limekufa, na mwenye gesti anajua kwamba mgeni huyo safari ijayo atapitiliza hadi Kahama.

Kwa hiyo gesti hununua magodoro mara kwa mara kuliko kaya, na hununua kwa mafungu. Hapo ndipo mlima wa magodoro makuukuu unapoanzia, ingawa mlima wenyewe huuoni kwa sababu unatawanywa kabla haujaota.

Kushuka ngazi

Ngazi ya kwanza ni kugeuzwa: upande wa chini unakuja juu. Ya pili ni kuhamishwa kutoka chumba cha self kwenda vyumba vya bei ya chini, vile vya choo cha nje. Ya tatu ni kwa mlinzi au dada wa usafi, ambaye hupewa kama zawadi, wakati mwingine badala ya nyongeza ya mshahara. Huyo naye akipata jingine, la zamani linateremka kwa ndugu wa kijijini, au linakunjwa, linafungwa kamba na kupanda bodaboda kuelekea machimboni.

Ukanda wa dhahabu kutoka Kahama hadi Geita una njaa isiyoisha ya magodoro ya bei ya chini. Migodi mikubwa kama Geita Gold Mine, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, ina makazi yake na taratibu zake za taka. Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu wana turubai na miti. Ikisikika rashi, yaani habari za dhahabu mpya mahali, watu humiminika na sururu, koleo, sufuria na godoro la inchi nne. Hakuna anayepeleka jipya, kwa sababu duara, yaani shimo la kuchimbia, likigoma baada ya mwezi atahama, na cha kubeba kitakuwa mfuko wa mawe, si godoro. Rashi ikiisha, vibanda hung'olewa, turubai hukunjwa, na magodoro hubaki yamelala kwenye matope ya masika.

Tawi jingine la ngazi hiyo linaishia kwa fundi makochi. Yeye hachukui kila kitu. La inchi nane au kumi analipokea, la inchi nne analitazama tu. Huanza kwa kuchana kava, ambayo kwenye godoro la miaka mingi imegandana na sponji na hutoka kwa kunyofoka vipande vipande. Ndani, sponji iliyokuwa nyeupe au ya rangi imegeuka njano ya uji wa dona, na katikati kuna doa kubwa la kahawia lenye umbo la mtu. Fundi hupitisha kisu kirefu kando kando, kwa sababu pembeni ndiko ambako sponji haijalaliwa sana na ukiibonyeza bado inarudi. Vipande hivyo hupata kazi kwenye mikono ya kochi au siti ya bodaboda. Sehemu ya katikati, ile iliyokufa, huchanwa kwa mkono kuwa vipande vidogo vya kujazia mito. Akimaliza, sakafuni hubaki kava iliyochakaa, unga wa njano unaopeperuka kwa upepo mdogo tu, na kipande cha katikati kilicholowa mkojo wa watoto wa watu, ambacho hata mto hautaki.

Hicho kipande na ule unga ndivyo makala haya yanavyovitafuta. Hapo ndipo bei ilipojificha.

Pamba ilikuwa na mwisho wake

Shinyanga ni nchi ya pamba. Kabla sponji haijashika soko, godoro la mwenye uwezo wa kawaida lilijazwa pamba, na pwani walijaza sufi au usumba wa makumbi ya nazi. Waliokuwa hawana hilo walilalia ngozi ya ng'ombe, mkeka, au kitanda cha kamba bila kitu juu yake.

Godoro la pamba lilikuwa zito na lilishika joto. Baada ya muda pamba iliganda mabonge. Lakini lilikuwa na sifa moja ambayo la sponji halina: lilifunguliwa. Fundi aliukata mshono, akaitoa pamba, akaianika juani, akaichambua na kuipigapiga mpaka ikafumuka, kisha akairudisha kwenye kitambaa kipya. Kilichoharibika kabisa kilitupwa shambani na msimu mmoja wa mvua ulitosha kukimaliza. Mwenye godoro alilipia ukarabati, akabaki na godoro lake, na udongo ukachukua mabaki bila kudai chochote.

Sponji imekuja na urahisi ambao hakuna mwenye akili atakayeukataa. Ni nyepesi, haigandi mabonge, inatengenezwa nchini, na viwanda vya Arusha, Dodoma na Dar es Salaam vinaisambaza hadi kwenye duka la mwisho la kijiji. Fomu za kujiunga na shule za bweni zinaitaja kwa vipimo, futi mbili na nusu kwa sita, kana kwamba hakuna godoro la aina nyingine duniani.

Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1937 mkemia Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kuunganisha kemikali mbili zikawa poliuretani. Baadaye viwanda vikajifunza kuifanya iumuke wakati inaungana, na kile kilichoumuka ndicho tunachokilalia. Mapovu yake hayaozi kama pamba. Jua huyafanya yawe ya njano na kumomonyoka, mvua huyalowesha, lakini yanapomomonyoka hayageuki udongo. Yanakuwa tu plastiki ndogo zaidi, zinazosombwa na maji ya masika hadi kwenye malambo ambako ng'ombe hunywa. Wafugaji wa Kisukuma wanaijua hasara ya ng'ombe aliyemeza mifuko ya plastiki: hadi achinjwe ndipo unapoona kilichomkondesha.

Moshi wenye jina linalojulikana

Kwa kuwa godoro la sponji halizikiki wala haliozi, watu hulichoma. Jioni linaburutwa nyuma ya nyumba, linamwagiwa mafuta ya taa kidogo, na kwa dakika chache linawaka kama lilikuwa linasubiri. Moshi ni mweusi na mzito, na sponji inayoyeyuka hudondoka matone yenye moto.

Wakazi wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa hatari ya sianidi. Mitambo ya kuchenjulia kwa sianidi marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, imeenea kutoka Kahama hadi Geita, na kila mtu anajua kwamba bwawa la mtambo halisogelewi na mbuzi wala mtoto. Kisichosemwa sana ni kwamba sponji ya godoro ina naitrojeni ndani yake, na ikiungua, hasa pale hewa inapokuwa haba, hutoa gesi ya haidrojeni sianidi pamoja na kaboni monoksaidi. Kwenye chumba kilichofungwa mchanganyiko huo huua watu kabla ndimi za moto hazijawafikia. Uwanjani upepo huutawanya, ila si kabla ya kumpitia aliyeshika fimbo ya kuchochea na watoto waliokuja kutazama.

Tazama basi hesabu ilivyo. Mtambo wa kuchenjua dhahabu unatakiwa kuwa na kibali, uzio na mtu anayejua anachokifanya. Godoro linachomwa na mlinzi wa usiku aliyevaa kandambili.

Abiria asiyelipa nauli

Kuna gharama nyingine inayosafiri kimyakimya kila godoro linapobadilisha mikono: kunguni. Mji unaolaza wasafiri wa nchi nne au tano kwa wiki hauwezi kumkwepa. Huja kwenye begi, kwenye koti, kwenye tandiko la kebini ya lori, kisha hujificha kwenye mishono ya godoro na nyufa za mbao za kitanda.

Wenye gesti wengi hutupa godoro wakidhani wametupa tatizo. Kunguni waliobaki kwenye chaga na nyuma ya fremu husubiri. Mdudu huyu akikomaa anaweza kukaa miezi bila kunywa damu. Godoro jipya linapoingia, anahamia. Na lile la zamani, lililotolewa kwa roho safi kwa dada wa usafi, limeshapeleka familia nyingine mzigo ambao haikuuomba.

Jua la Shinyanga linasaidia, ila kwa kiasi. Kunguni hufa joto likifika karibu nyuzi 50 za Selsiasi, lakini sponji huzuia joto lisipenye. Juu panachoma mkono, ndani ni baridi, na mdudu anajua njia ya kwenda ndani. Dawa nyingi za dukani ni za jamii ya pareto ya kutengeneza, ambazo kunguni wa sehemu nyingi za dunia wameshazizoea. Nafuu moja ni kwamba hajathibitishwa kuambukiza maradhi. Anakula usingizi, anaacha mikwaruzo, na anamtia mtu aibu mbele ya wageni.

Kwa hiyo godoro la bure si la bure. Anayelipokea hulipia dawa, hulipia maji ya moto ya kumwagia chaga, na hulipia usiku kadhaa wa kuwasha taa ya simu na kufunua shuka.

Wenzetu wanalipia wapi?

Uingereza halmashauri nyingi hutoza ada kuja kuchukua godoro mlangoni, na matokeo yake yanaonekana kwenye vichochoro na kando ya barabara za mashambani: wanaoikwepa ada hulitelekeza usiku. Ukimtoza mtu mwishoni, wakati godoro halina thamani tena kwake, unampa sababu ya kukukimbia.

Wengine wameamua kutoza mwanzoni. Jimbo la Connecticut nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2013, na kuanzia mwaka 2015 kila mnunuzi alilipa dola 9 juu ya bei ya godoro jipya. California ilifuata kwa dola 11, na Oregon ikaanza Januari 2025 kwa dola 22.50. Fedha hiyo hugharamia vituo vya kupokea magodoro ya zamani bila malipo na kuyachambua: springi za chuma huenda kuyeyushwa, mbao husagwa, na sponji hukatwakatwa ikawa tandiko la kuwekwa chini ya mazulia. Ufaransa inatoza mchango wa aina hiyo kwenye samani tangu mwaka 2013, na Uholanzi tangu Januari 2022 inawawajibisha watengenezaji na waagizaji wa magodoro wenyewe.

Si lazima tuige viwango vyao. Kwao godoro hustaafu mapema, kwetu hufanya kazi hadi kwa mtu wa nne au wa tano, na hilo ni jambo la kujivunia. Cha kujifunza kwao ni wakati wa kudai fedha. Siku ya kununua, mteja ana hela mkononi, muuzaji ana risiti, na kiwanda kina jina na anwani. Siku ya kutupa, aliyebaki na godoro hana hata kimoja.

Sheria ipo, gari halipo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaziachia serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na imeweka msingi kwamba anayechafua ndiye alipe. Kanuni za taka ngumu zilifuata mwaka 2009. Tuliona pia, tarehe 1 Juni 2019, kwamba nchi ikiamua inaweza kuiondoa sokoni mifuko ya plastiki iliyokuwa imezoeleka kila duka. Kenya, kwa sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imekwenda hatua moja zaidi na kumtaka mzalishaji afuatilie bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake.

Tatizo la godoro ni umbo. Godoro la futi tano kwa sita, inchi nane, lina ujazo wa futi za ujazo 20, ilhali la kawaida halifikii uzito wa ndoo ya maji ya lita 20. Linajaza toyo nzima na bado mizani haisemi kitu. Ndiyo maana wanunuzi wa chakavu wanaopita na spika wakiita vyuma vibovu, betri na makopo hawalitaji kamwe. Mafuta ya kulisafirisha hadi kwenye mashine ya kulisaga Mwanza, Arusha au Dar es Salaam yatazidi bei ya sponji yenyewe.

Tinde, hata hivyo, ina kitu ambacho miji mingi haina. Magari yanayoleta magodoro mapya kutoka viwandani hushusha mzigo na kurudi. Sponji kuukuu ikivuliwa kava, ikakatwa, ikashindiliwa kwenye viroba na kufungwa kamba kwa nguvu, ujazo wake hupungua sana, kwa sababu kilichojaa ndani ni hewa. Viroba hivyo vinaweza kupanda gari lilelile lililoleta mapya. Sponji iliyosagwa na kugandishwa upya hutengeneza magodoro magumu, yale ambayo wenye maumivu ya mgongo huyatafuta, kwa hiyo si taka kwa mwenye mashine.

Pa kuanzia ni kwenye gesti. Zina leseni, zina majina barabarani, na tayari zinalipa ushuru wa nyumba za kulala wageni halmashauri. Anayekuja kuhuisha leseni anaweza kuulizwa swali moja la ziada: magodoro uliyobadilisha mwaka huu yako wapi? Yaliyo mazima yaende kwa wanaoyahitaji, kunguni wake wakiwa wameuawa kwanza, na chaga zikiwa zimemwagiwa maji ya moto. Yaliyokufa yaende kwa fundi makochi achukue pembeni. Mabaki yaingie kirobani, si motoni.

Nani amlipe anayekata na kushindilia? Tuseme godoro linauzwa shilingi 250,000. Shilingi 5,000 juu yake ni asilimia mbili. Mnunuzi wa gesti hatashtuka, maana soda na chipsi za usiku mmoja zinazidi hapo. Fedha hiyo ikikusanywa dukani na kutengwa, kijana mwenye kisu na kamba pale njia panda anakuwa na ujira, na mfanyabiashara wa sponji ana sababu ya kusimamisha gari Tinde.

Ada ya namna hiyo haiwezi kuanzishwa na Tinde peke yake. Inahitaji kanuni ya kitaifa na viwanda vikae mezani. Lakini swali la leseni na viroba vya majaribio viko ndani ya uwezo wa baraza la madiwani la wilaya, na mjadala wa bajeti ndio mahali pake. Madiwani wakilichelewesha, uchaguzi hautakuwa kati ya kulipa na kutolipa. Gharama itaendelea kulipwa kama inavyolipwa sasa, bila risiti, na wale wenye mapafu na mifugo iliyo karibu zaidi na moshi.